Kichina hakina njeo, Kituruki hakina ngeli: wenyewe husemaje?

Swali: Nafanya kazi ya kutafsiri, na mwaka huu nimeanza kujifunza Kituruki. Kila nikifungua kitabu nakutana na pengo: ngeli hamna, mume na mke havitofautishwi, wala "ambaye" siioni. Mwenzangu anayesoma Kichina ananiambia huko ndiko hakuna kitu kabisa: njeo hamna, yaani alama za wakati kwenye kitenzi kama "-li-" na "-ta-", wingi hamna, kitenzi ni kilekile jana na kesho. Je, zipo lugha zenye sarufi pungufu? Kama hazipo, wasemaji wake huziba vipi mapengo hayo? Na nifanyeje ili nisiwe natafuta Kiswahili ndani ya Kituruki?

Jibu: Tuanzie hapahapa nyumbani, kwenye Kiswahili. Mtu akikuambia "Nimenunua kalamu", amenunua moja au kumi? Sentensi haisemi. Nomino za ngeli ya I-ZI hazibadiliki umbo, na kitenzi hicho hakina kiambishi cha kutoa siri. Utajua akiendelea tu: "lakini haiandiki" au "lakini haziandiki". Hali kadhalika "amefika". Kiarabu hakikubali kitenzi kiachwe hivyo: "jāʾa" ni mwanamume kaja, "jāʾat" ni mwanamke. Mwarabu akitupima kwa kipimo chake, Kiswahili ndicho chenye pengo, na sisi hatujawahi kulihisi. Jinsia ikiwa na maana tunaitaja kwa neno. Isipokuwa na maana tunaendelea na safari.

Kwa hiyo lugha pungufu hakuna. Mwanaisimu Roman Jakobson alilieleza jambo hili mwaka 1959: lugha hutofautiana hasa katika yale ambayo msemaji hana budi kuyasema, kuliko katika yale anayoweza kuyasema. Kila sarufi ina maswali yake ya lazima, na sentensi haikamiliki mpaka uyajibu. Kiswahili kinakulazimisha ujibu: jambo limetokea lini, na nomino hii ni ya ngeli gani? Kituruki kinauliza: habari hii umeishuhudia au umeipata kwa njia nyingine? Kisichoulizwa na sarufi hubaki kwa hiari yako, nawe unacho cha kutumia: mpangilio wa maneno, viambishi kwenye nomino au kitenzi, vijineno vinavyosimama peke yake, kiimbo, na yale ambayo msikilizaji anayajua tayari. Mafungu ni hayohayo duniani kote. Kinachobadilika ni lugha imeweka mzigo kwenye fungu lipi.

Chukua hitaji lisilokwepeka popote: nani kamtenda nani. Mbwa na mtoto wakikutana katika sentensi moja, msikilizaji lazima ajue nani kauma na nani kaumwa. Kichina hukiachia kisa chote mpangilio: "gǒu yǎo le háizi", mbwa, uma, mtoto. Ukibadilishana majina, mtoto ndiye kamuuma mbwa. Kilatini kilitia alama kwenye nomino, "canis puerum mordet". Ile "-um" ya "puerum" inatosha kusema huyu ndiye aliyetendwa, hata uyapange maneno hayo matatu utakavyo. Kijapani huweka kijineno baada ya kila nomino: "inu ga kodomo o kanda", ambapo "ga" ni ya mtenda na "o" ya mtendwa. Kituruki chako kiko upande huu: "köpek çocuğu ısırdı". Mtoto ni "çocuk". Amekuwa "çocuğu" kwa sababu ndiye aliyeumwa.

Kiswahili huchanganya mpangilio na kitenzi, na ukitazama kwa karibu utaona mahali mchanganyiko huo unapovuja. "Mbwa amemuuma mtoto" haina shida. Sema "mtoto mbwa amemuuma", na msikilizaji atasita mpaka asikie kituo baada ya "mtoto", kwa sababu "a-" na "-mu-" zote ni za ngeli ya A-WA na zinaweza kumhusu yeyote kati ya hao wawili. Lakini ngeli zikitofautiana, mpangilio unalegea mara moja. "Mtoto kitabu amekichana", "kitabu mtoto amekichana", "amekichana mtoto kitabu": zote zinaeleweka, maana "a-" imekwisha kumshika mtoto na "-ki-" imekishika kitabu. Kazi ambayo Kilatini kiliifanya kwa miisho ya nomino, sisi tunaifanya kwa ngeli, tena ndani ya kitenzi. Ndiyo sababu naona si haki kuziita ngeli mzigo wa bure, kama wanafunzi wengi wa Kiswahili wanavyolalamika. Zinatupa uhuru wa kuhamisha maneno na hata kuyaacha: "vimepotea" peke yake inatosha kama tulikuwa tukizungumzia vitabu.

Kibaski, lugha ya mpakani mwa Hispania na Ufaransa, kinastahili kutajwa kwa sababu kimeigeuza hesabu yote. "Gizona etorri da" ni mtu amekuja. "Gizonak liburua erosi du" ni mtu amenunua kitabu. Alama "-k" amewekewa mtenda, tena kwa kawaida pale anapokuwa na kitu cha kukitenda. Mtendwa na mtu aliyekuja tu, wote wawili, hawana alama.

Na usikione kitenzi cha mwishoni cha Kituruki kuwa kioja. Atlasi ya Dunia ya Miundo ya Lugha, katika lugha 1,377 ilizozipima kwa kigezo hiki, ilikuta 565 zinazopanga mtenda, mtendwa, kisha kitenzi kama Kituruki na Kijapani. Zinazopanga kama Kiswahili ni 488, na 95 huanza na kitenzi, kisha mtenda, kisha mtendwa. Lugha 189 hazina mpangilio mmoja unaotawala.

Sasa tuje mahali ambapo Kituruki kitakusumbua kweli, na ambapo Kiswahili kitakufaa kuliko Kiingereza. Tazama jozi hii. "Kitap okudum": nilisoma kitabu, ni kitabu gani si hoja. "Kitabı okudum": nilikisoma kitabu, kile tunachokijua. Alama ya Kituruki, "-ı", iko kwenye nomino. Yetu, "-ki-", iko ndani ya kitenzi. Lakini swali zinalojibu ni moja. Jozi ya pili iko wazi zaidi: "doktor arıyorum" ni natafuta daktari, yeyote atakayepatikana; "doktoru arıyorum" ni namtafuta daktari, yule ninayemjua. Kihispania nacho husema "busco médico" na "busco al médico", kwa kuingiza "a" mbele ya mtu mahususi, na kwa sababu hiyohiyo husema "vi la casa", niliona nyumba, lakini "vi a la niña", nilimwona msichana.

Kiswahili, Kituruki na Kihispania havina undugu wala havikuazimana jambo hili. Sababu ya kukutana njiani ni kwamba mtenda kwa kawaida ni kiumbe hai na anajulikana, ilhali mtendwa mara nyingi ni kitu, tena kipya katika mazungumzo. Mambo yakienda hivyo, hakuna wa kuchanganyikiwa. Mtendwa akiwa mtu, au akiwa keshatajwa, anaanza kufanana na mtenda, na hapo ndipo lugha hutia alama.

Ila mizani haziko sawa, na makosa hutokea mpakani. Kiswahili hupima uhai kwanza. Mtu kwa kawaida hupata "-m-" hata akiwa hajulikani: "nimemwona mtu mmoja barabarani". Kituruki hupima umahususi kwanza, kwa hiyo sentensi hiyo ni "bir adam gördüm", bila alama yoyote kwenye "adam". Mswahili anayeanza huandika "bir adamı gördüm" kwa kila mtu anayemwona, na msomaji wa Kituruki hujiuliza ni mtu gani huyo maalumu anayekusudiwa. Kosa la pili linakwenda kinyume. Sisi twasema "nimesoma kitabu changu" bila "-ki-", na ni sawa kabisa. Kituruki hakikubali: kitu chenye mwenyewe ni mahususi tayari, kwa hiyo ni "kitabımı okudum", alama juu ya alama. Hali ni hiyo kwa "bu kitabı", kitabu hiki, na kwa jina la mtu, "Ali'yi gördüm". Ukishika matatu haya, yaani chenye mwenyewe, chenye "hiki" au "kile", na jina la pekee, umeondoa sehemu kubwa ya makosa ya alama hiyo.

Lugha zisizo na alama ya aina hii hazikukwama. Kichina husema "kèrén lái le" kwa wageni tuliokuwa tukiwangoja, na "lái kèrén le" kwa wageni ambao hatukuwa na habari nao. Sikiliza Kiswahili chako mwenyewe: "wageni wamekuja", "wamekuja wageni". Ni mchezo uleule, na Kirusi kinaucheza pia: kinachojulikana hutangulia, kipya huja mwishoni. Jambo hili halisisitizwi sana mashuleni, lakini kwa mfasiri ni dhahabu, kwa sababu ndilo linaloamua kama tafsiri ina pumzi ya Kiswahili au imeshikilia mpangilio wa lugha ya kigeni.

Njeo sasa. Mwambie mwenzako kuwa Kichina hakina njeo, ni kweli, lakini wakati kinao. "Wǒ míngtiān qù" ni mimi, kesho, kwenda. Neno la wakati likishatajwa, Kichina hakioni haja ya kulirudia kwenye kila kitenzi. Kinachotiwa maanani ni kama jambo limetimia, linaendelea, au limewahi kutokea. Kosa kubwa la wanaoanza ni kusoma "le" kama "-li-" yetu. Tazama: "wǒ míngtiān chī le fàn jiù qù", kesho nikishakula nitakwenda. Kesho na "le" ziko ndani ya sentensi moja bila ugomvi, maana "le" hapo inafanya kazi ya "-sha-". Kijineno "guo" ni kuwahi: "wǒ qù guo Běijīng", nimewahi kwenda Beijing. Kijineno "zài" mbele ya kitenzi huonyesha jambo limo njiani: "tā zài chī fàn", yuko anakula. Kukanusha nako kuna njia mbili: "wǒ bù qù", siendi, "wǒ méi qù", sikwenda, na "hái méi" ikiongezwa, bado sijaenda. Mtu aliyezoea "-me-", "-sha-" na "-ja-" ana njia fupi ya kuingia Kichina kuliko aliyezoea njeo za Ulaya, mradi aanzie kwenye hali ya jambo badala ya tarehe yake.

Kiyoruba kina njia yake. Kitenzi cha kitendo kikiachwa bila alama husomeka kama kilichopita: "mo lọ", nilienda, "mo ń lọ", ninaenda. Kiganda kinataka zaidi ya sisi: "nnaakola" ni nitafanya karibuni, "ndikola" ni nitafanya huko mbele. "-ta-" yetu inafunika zote mbili, na anayetafsiri kwenda Kiganda lazima aamue jambo ambalo matini ya Kiswahili haikumwamulia.

Kuhusu "-ja-", Kiindonesia kimetenga neno zima kwa hitaji hilo: "saya belum makan", sijala, mbali na "saya tidak makan", sili. Na viambishi vyetu vya kukanusha vina ndugu wa kufanana, si wa damu, huko Kifini. Sisi: sisemi, husemi, hasemi, hatusemi, hamsemi, hawasemi. Wao: "en puhu, et puhu, ei puhu, emme puhu, ette puhu, eivät puhu". Nafsi imehamia kwenye alama ya kukana, na kitenzi chenyewe kimebaki na umbo moja. Tofauti ni kwamba kwao alama hiyo ni kitenzi kinachojitegemea.

Kabla sijaacha njeo, jambo moja la Kituruki litakalokutesa ukiwa mkalimani. Kisimulizi cha Kiswahili hutaja wakati mwanzoni na kuutegemea: "alikuja nyumbani akala akalala". "-li-" iko kwenye kitenzi cha kwanza, "-ka-" zinafuata. Kituruki na Kijapani hupanga kinyume: vitenzi vya mwanzo hubaki vikining'inia, na cha mwisho ndicho hubeba wakati na nafsi. "Eve gelip yemek yedi": "gelip" haisemi ni lini wala nani, "yedi" ndiyo inayotangaza vyote. Ukikalimani papo kwa papo usikimbilie kufungua kinywa kwenye "gelip".

Niliyoitaja mapema, habari umeipataje, ndiyo sehemu ya Kituruki isiyo na kiambishi chochote upande wetu. "Ahmet geldi": Ahmet kaja, mimi nasimamia. "Ahmet gelmiş": Ahmet kaja, lakini sikushuhudia, nimeambiwa, au nimeona dalili, au ndiyo nagundua sasa hivi. Si ajabu ya Waturuki peke yao. Katika lugha 418 za ile atlasi zilizopimwa kwa jambo hili, 237 zina alama ya kisarufi ya chanzo cha habari. Kikechua cha Cusco, huko Peru, kina "-mi" kwa aliyoyashuhudia mtu mwenyewe, "-si" kwa ya kusikia, na "-chá" kwa ya kukisia. Kitariana, lugha ya Amazonia kaskazini-magharibi mwa Brazili, kinatenganisha vyanzo vitano: kuona kwa macho, kuhisi kwa njia nyingine, kubaini kwa dalili, kudhani kwa ujuzi wa jumla, na kuambiwa.

Kiswahili kinayasema yote haya kwa maneno, na hapa ndipo wafasiri huteleza. Ukitafuta neno moja la kuitafsiri "-miş", utakimbilia "eti", na utaharibu. "Eti" hubeba shaka, wakati mwingine dhihaka. "Eti kaja" humfanya msemaji aonekane haamini. "-miş" haina ubaya huo. Uliza kwanza ni "-miş" ya aina gani. Kama ni habari ya kuambiwa: "nasikia Ahmet kaja", "wanasema". Kama ni dalili, viatu vyake viko mlangoni: "inaonekana Ahmet ameshafika". Kama ni mshangao wa kugundua, "kumbe" inakaa vizuri mno: "güzelmiş!" ni "kumbe ni nzuri!" Na "-miş" ya nafsi ya kwanza, inayowashangaza wengi, husuluhishwa na "kumbe" hiyohiyo: "uyumuşum", kumbe nilipitiwa na usingizi. Hukushuhudia kulala kwako, ndiyo maana. Katika ngano za kale, ambako "-miş" hujaa kila mstari, usitafsiri kitu. "Hapo zamani za kale" imekwisha kumwambia msomaji kwamba msimulizi hakuwepo.

Ukienda upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kituruki, "alifariki" itakulazimisha uchague. Mtu akisimulia kwamba babu yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, katika mazungumzo atasema "ölmüş". Lakini Atatürk, rais wa kwanza wa Uturuki, alifariki mwaka 1938, na hilo huandikwa "1938'de öldü" ingawa mwandishi hakuwepo, kwa kuwa ni tukio la historia linalosimamiwa na wote.

Kijapani kina tahadhari inayokaribia hiyo, ila kimeiweka kwenye hisia za watu wengine. "Samui" ni nasikia baridi. Kwa mtu mwingine huwezi kulitumia hivihivi, maana baridi yake huisikii wewe. Utasema "samugatte iru", anaonyesha kusikia baridi.

Mengine nayapitia haraka. Kumiliki: "nina kitabu" yetu ni "mimi na kitabu", na katika lugha 240 ambazo Leon Stassen alizipima kwa ajili ya atlasi hiyo, 59 ni za namna hii ya "kuwa pamoja na", zenye kitenzi maalumu kama "tengo" ya Kihispania ni 63. Kituruki husema "kitabım var", kitabu changu kipo, na "kitabım yok", kitabu changu hakipo. Kuhesabu: Kituruki hakitaki wingi baada ya namba, "üç kitap", kwa sababu tatu imekwisha kusema, Kichina huweka neno la kuhesabia katikati, "sān běn shū", ambapo "běn" ni ya vitabu na "zhāng" ni ya vitu bapa kama karatasi. Sisi kwenye "vitabu vyangu vitatu vimepotea" tumeutangaza wingi mara nne, mbali na tatu yenyewe. Na "sisi": Kiindonesia hakina sisi ya jumla, kina "kita" ukiwa na mimi, na "kami" ukiwa nje. Tafsiri ya "tutakwenda" bila kujua msikilizaji ni nani itamwalika asiyealikwa.

Namna ya kujifunza, basi. Usianze na orodha ya maumbo ya Kiswahili ukayatafutia wenzao. Andika kisa chako kifupi cha sentensi kama kumi, chenye watu wawili, kitu kinachohama mkononi, jambo la jana, la kesho, habari ya kusikia na swali moja. Kisha uliza kila sentensi ilikuwa inataka kufanya nini: kutambulisha kipya? kurejelea cha zamani? kupanga matukio? kukanusha kwa sasa tu? Andika hitaji hilo pembeni, halafu ndipo utafute Kituruki hulitimizaje. Hatua ya pili, chukua aya ya Kituruki, pigia mstari kila kiambishi, na ukiondoe kimoja kimoja mbele ya mzawa wa lugha. Majibu huwa matatu. Akisema sentensi imeharibika, kiambishi hicho ni cha lazima. Kikariri na sheria yake. Akisema sentensi ni sahihi ila maana imegeuka, kama "kitap" na "kitabı", hapo ni uchaguzi, na unahitaji kujua pande zote mbili. Akisema hakuna tofauti, usipoteze usiku wako juu yake. Wengi huishia kwenye jibu la kwanza na kuhesabu kila kitu kuwa sheria. Jibu la pili ndilo lenye faida kubwa kwa mfasiri.

Mwisho ni ile "ambaye" yako. Imo, ila imeingia ndani ya kitenzi na kukaa kabla ya nomino. "Aldığım kitap" ni kitabu nilichonunua: "al-" ni nunua, "-dığ-" ndiyo ya kurejesha, na "-ım" ni nafsi ya kwanza, ileile iliyoko kwenye "kitabım", kitabu changu. Kituruki hapa kinauliza swali ambalo sisi hatuulizwi: huyo unayemrejelea ndiye mtenda, au siye? Akiwa mtenda ni "-en" au "-an": "beni gören adam", mtu aliyeniona. Asipokuwa mtenda ni "-dik" na ndugu zake: "benim gördüğüm adam", mtu niliyemwona. Kiswahili hutumia "-ye-" kwa wote wawili na kuachia "-ni-" na "-m-" kazi ya kutofautisha, ndiyo maana Mswahili huzichanganya "-en" na "-dik" kwa muda mrefu. Kabla ya kuandika, jiulize: nomino hii ndiyo iliyofanya kitenzi hiki? Ndiyo, "-en". Hapana, "-dik".

Na kirejeshi chetu, ile "-ye-", kina kazi ya pili ambayo hutaipata kwenye "-en" wala "-dik", ile ya kukazia: "ni Ali aliyekuja jana?" Kituruki hukihamisha kijineno cha swali, "mi", na kukiweka nyuma ya neno linalotiliwa shaka. "Ali dün geldi mi?", Ali alikuja jana? "Ali mi dün geldi?", ni Ali aliyekuja jana? "Ali dün mü geldi?", ni jana Ali alipokuja? Irabu yake hufuata ya neno lililotangulia, ndiyo maana hapo mwisho imekuwa "mü". Ukiona "mi" haiko mwisho wa sentensi, fungua tafsiri yako kwa "ni".